Bustani ya Monticello: anzia chini ya ukuta

Virginia kuna bustani tatu ambazo kila anayetaka kuijua Marekani ya mwanzo huelekezwa: mji wa Williamsburg; Mount Vernon, nyumba ya George Washington; na Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, karibu na Charlottesville. Mwenye siku moja tu aende Monticello. Williamsburg inapendeza mno, na hapo ndipo penye kasoro. Arthur Shurcliff, aliyeipanga upya miaka ya 1930, alijaza nyua za vichaka vilivyokatwa kwa ustadi kuliko ambavyo mji ule wa karne ya 18 ungeweza kuvitunza. Mount Vernon imejirekebisha: baada ya uchimbaji wa kiakiolojia, bustani yake ya juu iliondolewa mapambo ya baadaye na mboga zikarudishwa kwenye vitalu vikubwa vilivyozungukwa na maua. Monticello inazishinda zote mbili kwa kumbukumbu. Jefferson aliandika daftari la bustani kuanzia 1766 hadi 1824: alichopanda, tarehe, kilichoota, kilichokufa. Wataalamu walipoanza kuifukua bustani ya mboga mwaka 1979 walikuwa na maandishi ya kulinganisha na udongo.

Basi la wageni litakushusha karibu na nyumba, na wengi hukimbilia njia ya maua iliyopinda. Iache kwanza. Shuka hadi chini ya ukuta wa mawe wa bustani ya mboga, uangalie juu. Pale ukuta ulipo mrefu zaidi unapita futi 12. Juu yake kuna ngazi moja ya ardhi yenye urefu wa futi 1,000, yaani mita 305, na upana wa futi 80, iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Wanaume waliokuwa watumwa, baadhi yao wakikodishwa kutoka kwa mabwana wengine, waliuchimba mteremko na kuusawazisha kwa mikono, wakisaidiwa na nyumbu na mkokoteni, kati ya 1806 na 1809. Ukilipita jambo hili bila kusimama, mboga zote za juu utaziona kama mapambo tu.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Mteremko unatazama kusini-mashariki, hivyo jua la asubuhi hulipata lote. Hewa ya baridi ni nzito, huteremka bondeni usiku, na jalidi huchelewa kufika hapa juu. Mawe nayo hushika joto la mchana. Ndiyo maana miti ya tini ilipandwa chini kabisa ya ukuta, mahali ambapo msimu wa baridi hauiumizi sana. Mpangilio wa juu ni vitalu 24 vilivyogawanywa kwa sehemu inayoliwa: matunda, mizizi, majani. Ni utaratibu unaorahisisha kubadilisha mazao kila msimu, na hadi leo unafuatwa.

Tatizo la mlima lilikuwa maji, na waongozaji huligusia kwa haraka mno. Kisima kilichimbwa 1769 hadi futi 65 na bado kilikauka mara kwa mara. Baadaye yakajengwa matangi manne ya kukinga mvua ya paa, nayo yakavuja kwa miaka. Unaposoma kwamba saladi ilipaswa kupandwa kila Jumatatu, kiasi cha kastabini moja, tangu Februari 1 hadi Septemba 1, jiulize nani aliyepandisha maji ya kumwagilia mlimani mwezi wa Julai. Joto la Virginia wakati huo huifanya saladi itoe maua na kuwa chungu; kupanda kidogo kidogo kulikuwa njia ya kupunguza hasara.

Mizabibu ni somo jingine la kushindwa. Mwaka 1807 ilipandwa 287, ya aina 24 za Ulaya, bila mafanikio. Mizizi ya Ulaya haina kinga dhidi ya filoksera, mdudu wa Marekani, na kuvu wa kuozesha zabibu hupenda unyevunyevu wa kiangazi cha huko. Mizabibu unayoiona leo imepandikizwa juu ya shina la kienyeji. Uzio wa mbao wa futi 10 uliozunguka bustani na miti ya matunda kwa robo tatu ya maili umejengwa upya kipande kidogo tu.

Kutoka bustanini panda Mulberry Row, barabara ya karakana na makazi ya watumwa, iliyo juu yake moja kwa moja. Hapa maelezo ni mazuri. Tafuta habari za Wormley Hughes, mtunza bustani mkuu aliyekuwa mtumwa, aliyeandaa vitalu vya maua na kuchimba kaburi la Jefferson mwaka 1826. Tafuta pia hesabu za Anne Cary Randolph, mjukuu wa Jefferson, za 1805 hadi 1808: familia ya bwana ilinunua matango, kabichi, kuku na mayai kutoka kwa watumwa waliolima viwanja vyao usiku na Jumapili. Bustani ya futi 1,000 haikutosha meza ile.

Mswahili atasimama kwenye bamia na ufuta. Ufuta ulifika South Carolina na Waafrika waliotekwa. Kuanzia 1808 Jefferson akaupanda na kujaribu kuukamua, akitafuta mbadala wa mafuta ya zeituni.

Dukani, lililo chini kwenye kituo cha wageni, nunua mbegu badala ya vikombe. Inayovutia wengi ni fiwi ya zambarau, jamaa wa njahi. Loweka usiku mmoja, fukia sentimita 2.5 udongo ukishapata joto, acha sentimita 30 kati ya miche, na uweke kichanja imara cha mita 3. Ukipanda kwenye udongo baridi zitaoza. Mbegu zake kavu zina sumu: kabla ya kula, chemsha sana na umwage maji, zaidi ya mara moja.

Ukitaka kuhifadhi mbegu zako mwenyewe, anza na njegere, maharage au saladi, ambazo hujichavusha. Maboga na bitiruti huchanganyika na za jirani, na mwaka wa pili utavuna kitu kingine. Njegere zinataka ubaridi: Lushoto, Njombe au Limuru zitakubali, Mombasa hapana. Na mbegu zozote usizitie kwenye sanduku la safari kimyakimya. Mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS ya Kenya na TPHPA ya Tanzania, hutaka kibali cha kuingiza pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka Marekani, na kibali huombwa kabla ya mbegu kusafiri.