Tiketi za sikukuu Marekani: uwahi ratiba inapofunguliwa, au usubiri?

Mashirika ya ndege kama American na Delta huanza kuuza viti takriban siku 330 kabla ya safari, na kila siku tarehe moja mpya huongezeka. Southwest hufungua miezi kadhaa kwa mpigo, na hutangaza siku ya kufungua kwenye tovuti yake.

Kwa Southwest, wahi siku hiyohiyo. Viti vya bei ya chini ni vichache, na vya Jumapili baada ya Thanksgiving (sikukuu ya Shukrani, Novemba) huisha haraka mno, kwani nusu ya nchi inarudi nyumbani.

Kwa American au Delta, kuwahi mara nyingi hakulipi. Nauli za mwanzo huwa juu, wapanga bei bado hawajaishughulikia ndege hiyo. Weka arifa ya bei, kisha fuatilia kwa makini kuanzia Agosti hadi katikati ya Oktoba. Anayelipia kwa maili (pointi za zawadi za shirika la ndege) ndiye awahi.

Familia ya watu 5 ichunguze jambo moja: tafuta bei ya mtu 1, kisha ya watu 5. Kama daraja la nauli la chini (kundi la viti vya bei nafuu zaidi) limebakiwa na viti 3, mfumo huwatoza wote 5 bei ya daraja la nauli la juu. Nunueni 3, halafu 2.

Aliyewahi ajue muda wa safari hubadilika. Safari ya ndani ya Marekani ikianza mapema kwa muda wa saa tatu au zaidi kuliko ilivyopangwa, au ikichelewa kufika kwa kiasi hicho, ukiikataa una haki ya kurudishiwa fedha zako kwa njia uliyolipia, si vocha.