Kubeba kamera harusini: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Swali linaloulizwa sana ni begi gani zuri kwa kazi ya harusi. Mimi ningeanzia nyuma kidogo. Harusini kamera haipotei ikiwa mkononi mwa mwenyewe. Inapotea pale ilipolazwa kwenye kiti "mara moja tu" wakati mpiga picha anawapanga ndugu wa bibi harusi kwa urefu. Au inaanguka kwa sababu mkanda wake ulikuwa unaning'inia pembeni ya meza na mtoto akapita mbio. Kwa hiyo kifaa kina mahali pawili tu pa kukaa kwa amani: mwilini mwako, au nyuma ya kufuli. Chochote kinachokushawishi ukiache mahali pa tatu nimekishusha kwenye orodha hii, hata kama dukani kinang'aa.

Kigezo cha pili ni uzito. Chukua bodi mbili (yaani kamera bila lenzi) za Sony a7 IV: kila moja ni gramu 658 pamoja na betri na kadi ya kumbukumbu. Funga lenzi ya 24-70 mm f/2.8 GM II kwenye moja, gramu 695, na 70-200 mm f/2.8 GM II kwenye nyingine, gramu 1,045 bila pete yake ya stendi, ile inayoizunguka lenzi ili ifungwe kwenye stendi. Umeshafika kilo tatu, na flashi bado. Mwenye lenzi za zamani anabeba zaidi. Canon EF 70-200 mm f/2.8L IS III peke yake ni gramu 1,480. Ukining'iniza uzito huo shingoni kwa ile mikanda miembamba inayokuja ndani ya boksi la kamera, keki inapofika mezani mikanda imeshasokotana na wewe huwezi kugeuza kichwa.

1. Mikanda ya mabega mawili

Kwa anayepiga kwa kamera mbili, hii ndiyo ya kwanza na sioni mshindani wake wa karibu. Unaivaa kama kizibao, kamera moja inakaa kila upande wa nyonga, lenzi ikitazama chini. Unavuta ya kulia, unapiga, unaiachia, unavuta ya kushoto. Hakuna kubadilisha lenzi katikati ya viapo, na hakuna sababu ya kuweka kitu chini.

HoldFast wanajulikana kwa mikanda ya ngozi, BlackRapid kwa ya nailoni. Ngozi inapendeza juu ya suti na inadumu, ila inachelewa kulainika, na ikilowa jasho inachukua muda kukauka. Nailoni ni nyepesi, inarekebishika kwa sekunde, na msaidizi mwenye mwili mkubwa kuliko wako anaweza kuivaa siku ambayo wewe unaumwa. Kama harusi zako nyingi ni za kutembea kwenye jua, usidanganyike na uzuri wa ngozi.

Udhaifu wa mikanda hii uko kwenye kiungio, na hapo ndipo pa kukagua kabla hujalipa. Mara nyingi kamera inashikwa na skrubu ya robo inchi iliyoingia kwenye tundu la stendi, chini ya bodi. Kila hatua unayopiga, kamera inajizungusha kidogo, na kila mzunguko unaisogeza skrubu kuelekea kufunguka. Haifunguki ghafla. Kwanza kipete cha mpira (washa) kilichobanwa kati ya skrubu na bodi kinaacha kubana, na ukisukuma kwa kidole gumba kiungio kinazunguka. Baadaye skrubu yenyewe inacheza. Baada ya hapo ni sakafu. Kwa hiyo nunua mkanda wenye kamba ya pili ya usalama, ile fupi inayofungwa kwenye tundu la mkanda la kamera yenyewe, ili skrubu ikiachia kamera ibaki inaning'inia. Kama haimo kwenye boksi, inunue kando. Bila hiyo mimi nisingevaa. Na kila unapobadilisha kadi, gumba lipite chini ya kamera zote mbili.

Lenzi ndefu yenye pete ya stendi ifunge mkanda kwenye pete, usiifunge kwenye bodi. Ukifunga kwenye bodi, uzito wote wa lenzi unaning'inia kwenye ule mdomo wa kuungia lenzi, masaa kumi mfululizo.

Jambo jingine la kujaribu dukani ni kuinama. Inama kabisa, kama unayetaka kupiga picha ya viatu vya bibi harusi. Kamera zikiteleza zote mbele, ujue huko ukumbini zitakutana na kichwa cha mtoto au kona ya meza. Mkanda mzuri una kizuizi kidogo cha kuifunga kamera isiteleze. Angalia hicho kabla ya kuangalia rangi.

2. Begi la magurudumu lenye kufuli

Hapa ndipo nyuma ya kufuli. Kazi ya begi hili ni kubeba kila kisichokuwa mwilini: lenzi za ziada, flashi ya akiba, chaja, betri. Linaingia ukumbini mara moja na halihami. Baadhi ya mabegi ya Think Tank ya mfululizo wa Airport yanakuja na kufuli ya namba na waya wa chuma wa kufungia. Ukinunua la kampuni nyingine, waya wa aina hiyo unaweza kuununua peke yake.

Funga kwenye nguzo, bomba au reli ya ngazi. Mguu wa meza si kitu cha kufungia: mtu ananyanyua meza, anavuta waya, anaondoka. Na usilisukume chini ya meza ya DJ ukiamini unalindiwa. Yeye ana kazi yake, na huko chini kuna nyaya na glasi za watu.

Tusidanganyane kuhusu zipu. Zipu ya plastiki inaweza kupasuliwa kwa ncha ya kalamu hata kama vishikio vyake vimefungwa kwa kufuli. Kufuli hiyo inamzuia mtu wa kupita na kubeba, yule anayetaka kuondoka kwa sekunde tano, na kwa harusi huyo ndiye wa kuogopa. Mwenye dakika kumi na nia thabiti atafungua tu.

Magurudumu ndiyo yanayokufa kwanza. Tafuta makubwa, yanayobadilishika, kwa sababu utayapitisha kwenye nyasi na kokoto mara nyingi kuliko kwenye marumaru. Kwa ukubwa, chagua begi linalotosha vifaa ulivyo navyo. Begi kubwa halikai tupu. Litajazwa vitu usivyovitumia, kisha utalinyanyua kwenye ngazi.

Faida ambayo watu huisahau: begi lililofungwa ni kinga ya ukungu. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali kwenda nje kwenye joto lenye unyevu, lenzi baridi inapata ukungu papo hapo, na kuufuta hakusaidii, unarudi. Acha lenzi ndani ya begi, begi litoke nje limefungwa, lipate joto taratibu. Nusu saa mara nyingi inatosha. Kwa hiyo litoe kabla maharusi hawajaanza kutoka kwa picha za bustanini.

3. Kipochi cha kadi

Ni kidogo na ni cha bei nafuu kuliko vyote hapa, na ningekipandisha juu kabisa kama kingekuwa kinabeba kamera. Bodi inanunulika tena. Dakika ya kuvalishana pete hainunuliki. Chukua chenye kamba ya kufungia kwenye kitanzi cha suruali au mkanda, kikae kwenye mfuko wenye zipu, mfuko wa mbele.

Kadi tupu ikae uso juu, iliyotumika uso chini. Mpangilio huo unafaa hata gizani, hata ukiwa umechoka, na msaidizi anauelewa bila kuelezwa. Kama kamera yako ina nafasi mbili za kadi, iwekee mipangilio iandike picha kwenye zote mbili. Halafu mwisho wa shughuli zitenganishe: seti moja mfukoni mwako, nyingine kwenye begi. Nakala mbili zilizowekwa kwenye begi moja zinaibiwa pamoja.

4. Mkanda wa kiunoni

Mwenye maumivu ya mabega aupandishe huu hadi namba moja, na asinisikilize. Nyonga zinabeba uzito vizuri kuliko shingo na mabega. Kuna aina mbili. Ya kwanza ina kishikizo cha chuma ambacho kamera inaingia kwa pini na kujifunga, kama za Spider Holster. Ya pili ina vifuko vya lenzi na flashi. Vishikizo ni vya haraka sana na kamera haichezi, lakini kwenye njia nyembamba kati ya viti kamera inatokeza pembeni na kugonga kila mgongo wa kiti, na kukaa chini ni tabu. Vifuko navyo navipenda viwili tu, kimoja cha lenzi na kimoja cha flashi. Ukifikisha vinne umehamishia begi kiunoni.

Kwa anayepiga kwa lenzi fupi, kwa mfano 35 mm na 85 mm, mkanda huu na mikanda ya mabega vinakaribiana sana. Kwa 70-200 lenzi itakupiga paja siku nzima.

5. Klipu ya kwenye mkanda wa begi

Capture ya Peak Design ndiyo iliyoieneza aina hii sokoni. Ilianza kwa kampeni ya Kickstarter mwaka 2011. Ni kibano cha chuma kinachofungwa kwenye mkanda wa begi au wa kiunoni, na sahani ya chini ya kamera inaingia humo hadi ubonyeze kitufe. Sahani ni ya mtindo wa Arca-Swiss, umbo la sahani linalokubaliwa na stendi nyingi, kwa hiyo kamera inapanda moja kwa moja kwenye stendi zinazokubali mtindo huo. Inafaa kwa kamera ya pili iliyo nyepesi, hasa kwa msaidizi. Ukiweka kamera nzito kwenye mkanda laini, inainama mbele na kuvuta bega.

Kampuni hiyohiyo inauza vishikizo vidogo vya uzi vya kuunganisha mkanda na kamera. Matoleo yao mapya yana uzi wa rangi ndani: gamba jeusi likilika, unaanza kuona njano, kisha nyekundu. Ukiona rangi, badilisha siku hiyohiyo. Usisubiri nyekundu.

6. Begi la begani

La mkanda mmoja, la kuvalia upande. Kwa anayepiga kwa kamera moja na lenzi mbili ndogo linatosha kabisa, na linavutia macho ya watu kidogo kuliko mengine yote. Nimelishusha kwa sababu moja: linavulika kirahisi mno. Wimbo ukianza na watu wakiinuka kucheza, linaishia kitini.

7. Begi la mgongoni na sanduku gumu

Begi la mgongoni ni zuri kwa kufika, na baya kwa kufanya kazi. Kutoa chochote lazima ulivue na uliweke chini, na ukigeuka ghafla linafagia glasi za meza ya nyuma. Ukiwa nalo tayari, litumie kama begi la magurudumu: likae mahali pamoja, limefungwa.

Sanduku gumu la plastiki, kama Pelican 1510, halipitishi maji wala vumbi na linastahimili kuangushwa. Linazidi kilo tano kabla hujaweka kitu. Linunue kama unasafiri na vifaa kwenye mabuti, boti au ndege, si kwa ajili ya ukumbini. Kwa ndege, betri za ziada za lithiamu ziende nawe ndani, zisiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, na ncha zake zifunikwe zisigusane.

Vitu viwili vya pembeni

Kifaa cha kufuatilia, kama AirTag, kiwekwe chini ya sponji au ndani ya kitambaa cha begi, si kwenye mfuko wa nje. Kwa mwizi mwenye simu kinaweza kutoa taarifa kwamba anafuatwa, hivyo kinasaidia zaidi kwa begi lililosahaulika kwenye gari la watu kuliko kwa begi lililoibiwa. Na bima: isome vizuri, maana bima nyingi za nyumbani hazilipi kwa vifaa vinavyotumika kuingiza kipato. Namba za utambulisho za kila bodi na lenzi ziandike leo, pamoja na picha ya kila kimoja, mahali ambapo si kwenye kompyuta unayoibeba.

Ukinunua vilivyokwishatumika, mikanda ya ngozi na mabegi ya magurudumu havina neno. Vuta mishono, fungua na kufunga kila bizimu, zungusha magurudumu begi likiwa limejaa. Skrubu, vipete vya mpira, karabina (zile ndoano za chuma zenye mlango wa kujifunga) na kamba za usalama nunua vipya hata kama muuzaji anakupa vya kwake bure.