Tuisheni ya Historia, Chake Chake: aya zimekaa sawa, mabenchi bado

Kijana wangu yuko kidato cha nne. Insha yake ya vita vya Waingereza na Zanzibar vya 1896 ilikuwa aya moja kurasa mbili, uji uliomwagika. Nikampeleka tuisheni ya jioni karibu na soko. Mwalimu kaikata karatasi kwa mkasi: hoja huku, ushahidi huku, panga mwenyewe! Sasa anaanza: "Waingereza hawakumtaka Khalid bin Barghash." Kisha sababu, alikalia kiti cha usultani wa Zanzibar bila ridhaa yao. Kisha ushahidi: 27 Agosti, manowari, kasri likapigwa mizinga, chini ya saa moja kwisha. Nikasoma nikaelewa, na mimi Historia niliikimbia. Ila wanafunzi 30 kwa mabenchi manne, na umeme ukikatika, hata kandili hakuna.