Mashine ya kupima gari: ipi ununue, ipi uachane nayo

Watu wakitaka kununua mashine ya kupima gari wanauliza inasoma gari gani. Mi naona ungeuliza inasoma kontroli boksi ngapi, yaani vikompyuta vidogo vinavyoendesha mifumo ya gari, maana gari ya siku hizi injini ina boksi lake, gia lake, breki za ABS lake, eabegi lake, na yote hayo yanaongea kwenye nyaya mbili zilizosokotwa, CAN, mfumo ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Boksi likiwa na la kusema linarusha ujumbe wenye namba, wote wanausikia, anayehusika anauchukua, na wawili wakianza kwa pamoja mwenye namba ndogo ndo anapita, mwingine anasubiri zamu. Kwenye gari nyingi mshale wa spidi unapanda kwa taarifa ya ABS, kwaiyo ABS ikinyamaza zinawaka taa tatu nne kwa mpigo, mshale umelala, na fundi mwenye haraka anakwambia maboksi yote yameungua.

Namba moja kwangu ni skana ya mkononi inayosoma mifumo yote. Hii inakuonyesha makosa yanayoanza na U, mfano U0100 boksi la injini halisikiki, U0121 ni ABS. We angalia nani anamlalamikia nani. Kama maboksi yote yanasema hayaisikii ABS na yenyewe haijibu skana, anza na fyuzi na waya wake wa ethi, usikimbilie kununua boksi. Na kabla hujalipa ichomeke kwenye gari yako mwenyewe uone inafungua mifumo mingapi, maandishi ya kwenye boksi la duka yasikudanganye. Ujue pia gari mpya zingine zina geti la ulinzi, skana inasoma lakini kufuta inakataliwa.

Ya pili mtanicheka, ni multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Tena kama hela inatosha kitu kimoja tu na una skana ya kuazima, nunua hii. Chomoa betri, subiri maboksi yalale, pima ohm kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya chini ya dashibodi. Kawaida inatakiwa isome kama 60, kwa sababu kila mwisho wa laini kuna rezista ya 120 na zikiwa mbili sambamba ndo inakuja 60. Ikisoma 120 upande mmoja umekatika, ikikaribia sifuri nyaya zimegusana. Gari yangu ilikuwa inapoteza mawasiliano kila ikipita kwenye makorogesho, nishaambiwa ninunue boksi la ABS, kupima nakuta 119, kufuatilia waya nakuta konekta imeota kutu ya kijani. Nikasafisha, ikarudi 60, boksi sikununua mpaka leo.

Ya tatu vile vidude vya Bluetooth vya ELM327, unachomeka kwenye soketi ya gari unasoma kwa simu. Kwa joto la injini na kufuta taa ya cheki injini viko poa, ila feki ni nyingi mno, hasa zilizoandikwa v2.1, amri zingine hazijibu kabisa. Mwenye iPhone achukue ya WiFi au Bluetooth LE, ile Bluetooth ya zamani haitashika. Magari mengine, mfano Ford nyingi, yana laini nyingine kwenye pini 3 na 11, kidude cha kawaida hakiioni. Alafu usikiache kimechomekwa wiki nzima gari imelala, kinakula betri.

Ya mwisho kile kisomeo kidogo cha injini peke yake. Kwa shida ya mawasiliano hakikusaidii, kitakwambia hakuna kosa huku dashibodi inawaka kama taa za harusi.

Na kama gari ni ya zamani usiamini tu umbo la soketi, Marekani OBD2, yaani ule mfumo wa soketi moja ya kupimia gari, ililazimishwa 1996 ila CAN ikawa lazima kwa modeli za 2008, katikati hapo gari nyingi zinatumia laini zingine kama ile ya pini ya 7, kwaiyo hakikisha mashine inasoma na hiyo.