Nimelipia jarida, sina jarida: uzoefu wangu na majarida ya kwenye tableti

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande. Watu wananiuliza kama wajisajili kwenye haya majarida shirikishi ya kidijitali, yale ambayo picha zinacheza na michoro inageuka ukiigusa. Ngoja nieleze yaliyonikuta, kisha kila mtu aamue na pesa yake.

Jarida lenyewe silitaji, wenyewe watajijua. Na nisiwanyime haki yao: kazi yao ni nzuri. Kuna toleo walilofanya kuhusu moyo wa binadamu, sijawahi kuona kitu kama kile. Unauzungusha moyo kwa kidole, unaugusa ukutani unapasuka katikati, ndani unaona vali, vile vilango vya damu, zinafunguka na kufunga huku damu ikipita, ya bluu huku na nyekundu kule. Ukibonyeza vali moja wanakuonyesha inavyokuwa ikivuja, na sauti ya mapigo inabadilika palepale. Maelezo marefu ya kitabuni hayakuwahi kuniingia kama dakika chache nilizokaa na ukurasa ule. Hilo ndilo toleo lililonifanya nijisajili, na hilo ndilo walilonipokonya.

Tatizo lilianzia kwenye nafasi. Kila toleo lilikuwa linakula zaidi ya nusu gigabaiti, na yakaja mengine na mengine, mpaka tableti ikagoma kupiga picha kwa sababu imejaa. Mwanzoni nilidhani ni video. Kumbe kurasa zenyewe, hata zile za maandishi matupu, zimehifadhiwa kama picha, tena mara mbili: moja ya kushika tableti wima, nyingine ya kuilaza. Mimi naisoma wima siku zote, kwa hiyo sehemu kubwa ya nilichopakua kwa bando langu sijawahi kuiona. Na kwa kuwa maandishi ni picha, huwezi kukuza herufi, huwezi kutafuta neno, huwezi kunakili hata sentensi moja.

Wala si jambo geni. Wired, jarida la teknolojia la Marekani, walipotoa toleo lao la kwanza la iPad, tableti ya Apple, mwaka 2010, lilikuwa na megabaiti zaidi ya 500, na iPad ya bei ya chini wakati huo ilikuwa na gigabaiti 16 tu, bila sehemu ya kuchomeka kadi ya kumbukumbu. Watu walilalamika tangu siku zile. Mwaka 2012 ikaja iPad yenye skrini ya pikseli (nukta zinazounda picha) 2048 kwa 1536, yaani nukta mara nne ya ile ya mwanzo, na picha ya ukurasa nayo ikabidi inenepe. Dawa inajulikana: acha maandishi yawe maandishi, yatapungua uzito na yatasomeka kwenye skrini yoyote. Kwa nini mtu anayeweza kuuchora moyo ukapiga ashindwe kuweka aya tatu za maandishi ya kawaida? Huo ni uvivu, na gharama yake tunaibeba sisi wasomaji.

Sasa sikilizeni. Ndani ya programu kuna kitufe cha kuondoa toleo kwenye kifaa, na ukikibonyeza kinakuhakikishia kwamba utalipakua tena wakati wowote bila malipo. Nikaliondoa lile la moyo. Baadaye nikalitaka. Jalada lipo, limefifia, na chini yake bei. Bei! Nikabonyeza sehemu ya kurejesha manunuzi, duara likazunguka weee, mwisho likapotea bila kusema kitu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu nifute programu nzima kisha niisakinishe upya. Nikauliza kwanza, kwa maandishi, na ujumbe ninao: je, matoleo mengine yaliyomo hayatapotea? Wakajibu hayatapotea. Nikafuta, nikasakinisha. Rafu tupu. Matoleo mapya tu ndiyo yaliyokubali kurudi, ya zamani yote yamekwenda.

Nikaandika tena, kwa adabu bado. Jibu likaja kwamba matoleo ya zamani yameondolewa kwenye seva, yaani kompyuta zao za kuhifadhia, kwamba nilichonunua ni ruhusa ya kusoma na si nakala, na kwamba, hapa ndipo damu iliponipanda, "tunakushauri utumie kifaa chenye nafasi kubwa zaidi." Pole hakuna. Mazungumzo ya kurudishiwa pesa hakuna. Mtu ameniambia futa, nimefuta kwa kauli yake, halafu ananiambia kosa ni tableti yangu.

Na hapo ndipo bei inaponiuma. Wanatoza sawasawa na nakala ya karatasi. Hakuna wino, hakuna lori, hakuna mabaki yanayorudishwa kiwandani. Najua duka la programu nalo linachukua chake. Apple imekuwa ikikata hadi asilimia 30 ya malipo, na kwa hilo simlaumu mchapishaji. Lakini jarida la karatasi nikilinunua ni langu. Namwazima jirani, nakata ukurasa nabandika ukutani, naliacha kabatini miaka kumi na nikilirudia nalikuta. Hili la tableti ni sawa na kulipa bei ya nyumba ukapewa ufunguo ambao mwenye nyumba anabadilisha kitasa akitaka.

Nao hubadilisha. The Daily la News Corp, kampuni ya habari, gazeti lililotengenezwa mwanzoni kwa ajili ya iPad peke yake, lilianza Februari 2011 kwa senti 99 za dola kwa wiki, na Desemba 2012 likafungwa. Texture, programu iliyokuwa inakupa majarida mengi kwa ada moja ya mwezi, ilinunuliwa na Apple mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikazimwa. Kwa ada ya mwezi, angalau naelewa: nakodi, nikiacha kulipa nimeacha kusoma. Ila ukinitoza bei ya kununua, niuzie.

Nyota moja niliyoitoa pale juu naifuta. Sifuri. Ingawa nikiwafikiria wale waliochora zile vali, waliokaa na madaktari mpaka sauti ya mapigo ikawa sahihi, naona nawaonea. Wao wangestahili tano na hawakuniandikia mimi ule ujumbe. Basi tano kwa wachoraji, na sifuri kwa waliopanga bei na kwa yule aliyenijibu.

Kama umeshajisajili, usifute toleo lolote kwa kuamini kile kitufe. Hamisha picha na video zako kwanza upate nafasi, weka risiti zako mahali, na wakikwambia usakinishe programu upya, kataa. Mimi usajili nimeukata. Wakinirudishia toleo la moyo, kwa faili ninaloweza kulihifadhi mwenyewe, nitalipa tena kesho asubuhi, hata kwa bei ileile.