Fundi wa stima Kiamunyi, Nakuru: huyu alipima kwanza ndio akabadilisha

Naandika hii nikiwa na furaha ya kweli, juu tangu mvua ya Aprili ianze nyumba yetu hapa Kiamunyi ilikuwa inazima karibu kila jioni, na sio stima kupotea mtaa mzima, hapana, majirani wako na taa wanaangalia taarifa ya habari, sisi peke yetu ndio tuko giza tunamulikana na tochi ya simu. Tokeni ziko, mita inaonyesha yuniti, lakini ukifungua boksi ya breka unapata ile RCD, swichi kubwa ya usalama yenye kitufe cha testi, imeanguka. Unaipandisha, inakaa dakika kumi, mtu anawasha shower ya kupasha maji, tap! imeanguka tena.

Kwa hivyo sisi wote tuliamini ni shower. Mzee wangu alisema ni shower, jirani akasema ni shower, na fundi wa kwanza akaja akasema hivyo hivyo, akabadilisha elementi. Ikaendelea. Akabadilisha RCD yenyewe, ikaendelea. Akasema basi azime breka moja moja aone gani inaleta shida, akazima ya taa, nikawasha shower, ikaanguka, akasema mama hizo taa ziko sawa usizijali. Hapo nilikuwa nimetoa kama elfu sita na mia tano hivi, na siku ya mwisho akaniambia turuke hiyo RCD, aunganishe waya moja kwa moja ndio isitusumbue. Nilikataa kabisa. Nina watoto wawili wanaoga chini ya hiyo shower kila jioni, na kazi ya hiyo RCD ni kukata stima ikihisi hata miliampu 30 zimepotea njia, kabla hazijamuua mtu. Fundi akikuambia aitoe ndio taa zisizime, tafadhali mpe nauli yake aende.

Huyu wa pili nilielekezwa na mama wa hardware pale stage. Ni msichana, sidhani amefika thelathini, ako na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya mambo ya nishati, na nilipoiomba alinionyesha bila kununa. Alisema atafika saa tatu akafika saa tano kasorobo, hiyo sikupenda na nilimwambia. Tena hakuja na ngazi, ikabidi tuombe kwa jirani.

Lakini sasa kazi! Kitu ya kwanza hakushika hata bisibisi, alikaa na mimi jikoni akauliza maswali. "Mama, hii kitu huanguka zaidi siku za mvua ama hata siku za jua?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Nikafikiria nikaona ni kweli, kuna wiki haikunyesha tukakaa siku nne bila shida, na hakuna mtu aliacha kuoga. Nikamwambia pia vile mwenzake alizima breka ya taa na bado ikaanguka, akatingisha kichwa akasema hapo ndio watu hupotea, kwa sababu breka ya taa inakata laivu peke yake, ile waya inayoleta stima, lakini nyutro, ile inayoirudisha, inabaki imefungwa vile ilivyo kwa baa yake, kile chuma ndani ya boksi nyutro zote zinapokutana. Kama nyutro ya taa inagusa waya ya ardhi mahali, hata uzime hiyo breka shida bado iko, na kitu kizito kama shower kikivuta, sehemu ya ile stima inayorudi inapitia ardhi badala ya nyutro, RCD inaona kile kilichotoka hakijarudi chote, inaanguka. Shower ilikuwa inasingiziwa tu miezi hiyo yote.

Akazima mein switch, akahakikisha na tester yake kwamba hakuna stima, akatoa nyutro moja moja kwenye baa na kila moja akaifunga masking tape yenye namba kwa biro. Halafu akapima na Megger, ile mita inasukuma volti 500 kuona kama waya inavuja. Namba ikiwa kubwa ndio waya haivuji. Soketi zilisoma juu ya megaomu 200, shower hivyo hivyo. Ya taa, 0.03. Alinigeuzia mita nione mwenyewe, akasema inatakiwa angalau 1.

Sasa taa zetu ni kumi na moja, na nilidhani atafungua zote. Wapi. Alifungua ya sitting room kwa sababu iko kati, akatenganisha waya inayoenda mbele, akapima: upande wa kutoka boksi uko safi. Kwa hivyo nusu ya nyumba tuliisahau hapo hapo. Akaenda korido ya vyumba vya kulala, akafanya vile vile, tena safi. Akaenda veranda, akatenganisha waya inayotoka nje kwenda kwa ile taa ya sekyuriti kando ya tangi, mita ikasoma hiyo ndiyo mbovu. Mara tatu tu.

Na hiyo taa, jameni, iliungua balbu tangu Desemba, swichi yake imekaa imezimwa miezi, nani angeishuku? Alipoifungua maji yalimwagika mpaka kwa mkono wake. Konekta ilikuwa imegeuka kijani, skrubu zimeshika kutu, na lile tundu la juu waya inapoingilia nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo, udongo umelowa umejaa ndani umeshikanisha nyutro na waya ya ardhi kama uji mzito. Niliushika, ulikuwa bado baridi. Swichi nayo inakata laivu tu kama breka, kwa hivyo kuzimwa kwake hakukusaidia lolote.

Akaweka taa mpya ya kuziba maji, waya ikaingilia chini badala ya juu, akaiacha na kakona ka kuning'inia ndio maji yadondoke kabla ya kufika kwa boksi, akaziba na silikoni. Akapima tena, juu ya 200. Akarudisha stima, akabonyeza kitufe cha testi RCD ikaanguka vile inatakiwa, akaipandisha, akaniambia niwashe shower na taa zote. Tukasimama hapo tunaiangalia. Kimya.

Kazi alilipisha 2,500, taa 850, konekta na silikoni 450, jumla 3,800 kwa M-Pesa. Viti vyangu alivijaza vumbi ya dari bila kufunika, hiyo na kuchelewa ndio zinamtoa nusu nyota, nampa nne na nusu. Imenyesha usiku sita tangu aende na RCD haijaanguka hata mara moja.

Alipokuwa juu aliona pia joint moja kwa dari ya jikoni iliyofungwa na karatasi ya nailoni, imeanza kuwa nyeusi. Hakuigusa bila kuniuliza, alinipigia picha akanionyesha na bei yake. Anarudi Jumamosi, na safari hii ngazi ya jirani nimeshaiomba mapema.