Menyu Kiswahili, onyo Kiingereza: miezi saba na app ya kripto

Mimi naediti video za wateja wa nje, wananilipa USDT (sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola), nauza P2P, yaani mtu kwa mtu, hela inaingia kwenye simu. Hii app nimeitumia miezi saba, ina soko na waleti (pochi ya kutunzia kripto) humo humo. Kwa kuuza na kununua iko vizuri kabisa, mara nyingi dakika kumi hazifiki shilingi ziko kwenye simu. Na walivyoweka Kiswahili nilifurahi sana aisee, Tuma, Pokea, Salio, mpaka mama mdogo wangu anayeuza dagaa pale Kirumba aliishika akaelewa.

Shida ni kwamba Kiswahili chenyewe kinaishia kwenye vitufe. Mwezi wa tatu nilihamisha USDT 45 kutoka kwenye waleti kwenda sokoni kwa TON, mmoja wa mitandao ya kutumia kripto. Kumbe ukiweka pesa sokoni kwa TON unajaza adresi na memo pia, ile namba inayoonyesha mzigo ni wa nani maana adresi ni moja mnatumia wateja kibao. Hilo nimelijua baadaye. Siku ile chini ya adresi kulikuwa na mistari minne ya maandishi mekundu, Kiingereza kitupu, na pembeni kitufe kimeandikwa "Nakili". Nikanakili, nikatuma. Muamala unasema umekamilika, salio sokoni sifuri.

Nikakimbilia grupu lao la Telegram, nikaandika "jamani nimetuma TON bila memo nifanyeje", haikumaliza dakika boti ikafuta ikaniambia English only. Nikajikongoja na Kiingereza changu, mmoja akaweka emoji ya kucheka, wengine wakaendelea na mambo yao ya bei. Nikiwa bado nimeshika simu ikaingia mesej inboksi, picha ni nembo ya app, Kiswahili safi, habari ndugu, sisi ni timu ya msaada, ili kurejesha fedha zako tuma maneno yako 12 ya mbegu. Alimaanisha seed phrase, yale maneno ya siri ya kufungulia waleti, ukimpa mtu umempa hela yako. Siku nzima mtu pekee aliyeniongelesha kwa lugha yangu alikuwa mwizi. Kilichoniokoa ni hayo "maneno ya mbegu", hakuna Mswahili anaongea hivyo, nikajua huyu katafsiri na mashine. Nikamblok. Lakini mtu aliyechanganyikiwa na hela yake anatuma tu, na simlaumu.

Hela ilirudi baada ya siku tisa, nilijaza fomu ya sapoti kwa msaada wa jirani anayesoma chuo.

Halafu hayo maneno 12 yenyewe. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2048, na orodha zipo za Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa, hadi Kicheki chenye wasemaji kama milioni 10. Kiswahili hakuna. Mama mdogo aliyaandika kwa mkono kwenye daftari lake la madeni, simu ikaibiwa, kurudisha waleti kwenye simu mpya ikagoma. Tumekaa jioni nzima na kibatari umeme umekatika, najaribu neno moja moja, kumbe kaandika "rythm" badala ya "rhythm" (waleti ile tumeshaihama ndo maana nalitaja). Yeye ananiuliza, mwanangu hili neno maana yake nini, nikamwambia mapigo ya ngoma. Akasema sasa si wangeandika ngoma, ningekosea vipi ngoma?

Nawapa nyota 3. Zote tatu ni za P2P. Wakitafsiri yale maandishi mekundu na kuweka admini hata mmoja wa Kiswahili kwenye grupu naongeza siku hiyo hiyo. Na wewe unayetuma kwa TON leo, shuka mpaka chini uone kama kuna memo, halafu anza na dola moja kwanza.